Chupa Kwenye Meza ya Fidencio

Hermelinda alikuwa na chupa mbili za kijani chini ya kitanda, na balaa lote lilianzia hapo.

Moja ilikuwa ya meskali, pombe kali ya kwao, iliyotiwa vijiti vya poleo, mmea wa milimani wenye harufu ya mnanaa. Kinywaji hicho marehemu mumewe Fidencio alikipenda kuliko punda wake, na punda yule alipendwa kweli. Ya pili ilikuwa meskali ileile, ila ndani mlilowekwa bangi. Hiyo ilikuwa dawa ya kusugua viganja, maana vyake vilikuwa vimeanza kumuuma kwa kusaga mahindi. Kule milimani Oaxaca, nchini Meksiko, hakuna bibi asiye na chupa ya namna hiyo, na hakuna bibi anayekiri kuwa nayo mbele ya padri.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitengeneza mwenyewe, na kila aliyemuuliza alimpa lake. Huyu alisema loweka mbichi, yule akasema kausha kivulini kwanza. Jirani yake Crispina, ambaye hajatamka neno "sijui" tangu azaliwe, alimwambia aipitishe kwenye kikaango cha udongo mpaka inukie, kama anavyokaanga mbegu za maboga, ndipo aimwagie meskali. Hermelinda alichanganyikiwa, akaamua kufuata ushauri wa aliyepiga kelele kuliko wote. Akakaanga, akaloweka, akaificha chupa ubavuni mwa ile ya poleo. Nani anayeweka chupa mbili zinazofanana mahali pamoja gizani? Ni yeye, Hermelinda.

Sikukuu ya wafu, siku ambazo roho za marehemu hurudi nyumbani kula kwenye meza waliyoandaliwa, ilipokaribia, alikuwa na mzigo mzito kuliko maumivu ya mikono. Asubuhi aliyokufa, Fidencio alikuwa amegombana naye kwa sababu ya kahawa iliyopoa. Kahawa tu! Akapanda pikipiki kwenye mvua, akateleza, akaishia korongoni. Kijiji kizima kilijua habari ya kahawa ile. Mama mkwe wake, Bi Eleuteria, hakumtukana hata siku moja. Alimnyamazia tu miaka yote, kanisani, sokoni, kisimani, na Hermelinda angeshukuru kutukanwa.

Kisha bibi huyo akamtuma Crispina na ujumbe.

"Anasema atakuja kwenye meza ya mwanawe," Crispina alieleza, ameshika kiuno mlangoni. "Na kama Fidencio hakuja kwako mwaka huu tena, picha anaichukua. Meza itawekwa kwake."

"Atajuaje kama amekuja au hakuja?"

"Shoga, yule ni mama. Ukimuuliza atakwambia anajua, utabisha?"

Hermelinda hakulala vizuri tena. Kunyang'anywa picha ya mume ni kutangaziwa mbele ya watu wote kwamba wewe ndiwe uliyemuua, hata marehemu mwenyewe kakukimbia. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba yeye pia aliamini hivyo.

Basi aliipamba meza ile kwa roho yake yote. Maua ya njano tele, mishumaa, mkate wa wafu, tamale za unga wa mahindi zilizofungwa majanini na mchuzi mweusi, chokoleti, kofia ya Fidencio, na kiti chake mbele ya meza. Akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa chupa ya kijani, akaiweka katikati. Uvumba ulikuwa umejaa chumba kizima, hata ungefungua pipa la samaki usingesikia harufu yake.

Siku ya pili ya Novemba, adhuhuri, kengele za kanisa zikapigwa kuwaaga wafu. Wao wameshakula harufu ya chakula. Kinachobaki ni cha walio hai. Bi Eleuteria aliingia na shali yake nyeusi, akaitazama meza kama mkaguzi.

"Tamale umezikaza sana," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimina. Ya mwanangu tunywe sote wawili."

Hermelinda akamimina. Wakanywa mpaka chini, kama ilivyo desturi. Mwenyewe alihisi ladha ina namna, ina uchungu wa majani, lakini roho ilikuwa juujuu na hakuitilia maanani. Bi Eleuteria akaramba midomo, akasogeza kikombe chake.

"Ongeza."

Wakala. Baada ya muda Hermelinda akajikuta ameshika tamale mkononi na hakumbuki kama anaifungua au anaifunga. Akautazama mshumaa. Moto ulikuwa mzuri ajabu, akajiuliza kwa nini hajawahi kuutazama. Miguu ikawa mbali naye. Akaogopa, halafu akasahau alichokuwa anaogopa, halafu akaogopa kwa kuwa amesahau.

"Mama," alisema, "hiki chumba kilikuwa kirefu hivi?"

Bi Eleuteria akacheka. Hermelinda hakuwahi kumsikia akicheka, akadhani labda ni yeye mwenyewe aliyecheka. Kisha bibi akageuza shingo, akakikazia macho kile kiti cha Fidencio.

"Umekonda, wewe," alikiambia.

Hermelinda alikitazama kiti. Hakuona mtu. Akafikicha macho, akatazama tena, na sasa hakuwa na hakika kama haoni mtu au anaona mtu asiyeonekana.

"Yupo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, anaongea." Bi Eleuteria akainamisha sikio. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta. "Anasema siku ile hakuondoka kwa hasira za kahawa. Kahawa aliisahau hata kabla ya kufika getini. Anasema aliitwa. Mama yake alimpigia simu kwamba yuko mahututi, anakata roho. Na mama yake alikuwa mzima, amekaa anamenya maharage. Alitaka tu kuona kama mwana atamwacha mke aje. Basi. Akaja kwenye mvua."

Hermelinda alitaka kuinuka, akajikuta bado amekaa. Maneno yale yalimzunguka kichwani asijue ayakamate kwa upande gani. Alilia, akacheka, akala tamale nyingine. Bi Eleuteria akajifunika shali, akaondoka taratibu akishika ukuta. Picha akaiacha mahali pake.

Jioni Crispina alipita kuomba mkate. Akaishika chupa, akainusa, macho yakamtoka.

"Mungu wangu! Shoga, hii ndiyo mliyokunywa? Hii ni ile ya kusugua!"

"Acha utani."

"Nusa mwenyewe! Na ulikaanga? Ikikaangwa ndiyo inalevya!"

"Si wewe uliyeniambia?"

Crispina alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hermelinda hakucheka. Kama ni bangi iliyosema, basi Fidencio hakuja, na yale maneno hayana maana, na yeye bado ndiye mke wa kahawa iliyopoa. Akinyamaza, atakuwa amemlewesha mama mkwe na kumwibia picha. Akisema, atamnyang'anya bibi wa watu mwanawe mara ya pili. Aliwaza mpaka kichwa kikauma, akakosa njia.

Kesho yake alipiga moyo konde, akaenda. Bi Eleuteria alikuwa uani, anapukuchua mahindi.

"Mama, nisamehe. Ile ya jana haikuwa ya poleo. Nilikosea chupa. Ilikuwa dawa yangu ya mikono, ile ya... ile."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimeitengeneza ile kabla mama yako hajaota meno. Tone moja ulimini nikaitambua." Aliendelea kupukuchua. "Umeiunguza kidogo."

"Na bado ukasema uongezewe?"

"Nikasema."

Hermelinda alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Basi Fidencio ulimwona kwa sababu ya bangi."

Mikono ya Bi Eleuteria ikatulia.

"Fidencio sikumwona. Nilikitazama kile kiti, nikakitazama wee, kitupu. Hata ulevi haukunionyesha mwanangu."

"Sasa yale maneno yalikuwa ya nani?"

"Yangu." Aliliweka gunzi chini. "Yalinikaa hapa kooni tangu siku ya maziko. Nikawaza, nikilewa labda yatatoka. Yakatoka. Na hata hapo nikamsingizia yeye."

Kuku walikuwa wakidonoa punje miguuni pao. Hermelinda alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na wepesi ambao hakuujua, kama mtu aliyetuliwa kuni mgongoni. Hakujua amtukane au amkumbatie.

"Miaka yote hiyo, mama. Nilikuwa nakusalimia, unanigeuzia shingo."

"Ndiyo."

"Kwa nini uliitaka picha?"

"Nilidhani nikiwa naye nyumbani kwangu, atanisamehe." Bi Eleuteria aliinua uso. Ulikuwa wa mtu mzee sana. "Baki nayo, binti. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingekuja kwangu."