Barua Ambayo Profesa Hakuituma

Wenzake wodini walimwita Madam Shingo, maana hakuweza kusalimiana na mtu bila macho yake kushuka kooni kutafuta rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo. Alikuwa mwaka wa pili akisomea ubingwa wa magonjwa ya homoni. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amewafuatilia wajawazito themanini wenye matatizo ya tezi ya shingo, akiwatoa damu mwenyewe na kuwapigia simu waliokosa kliniki. Ilipotangazwa nafasi ya mafunzo ya utafiti, mwaka mzima kwenye maabara kubwa, kila mtu alisema hiyo ni yake.

Ilibaki barua ya msimamizi tu. Profesa ndiye aliyemlea kikazi. Alimwita "binti yangu" mbele za watu, naye binti alimwita "Baba".

"Baba, ile barua?"

"Nimeshatuma, binti yangu. Wewe kaa mkao wa kula."

Akakaa wiki sita. Majina yakatoka, lake halimo. Akapiga simu kuuliza alikosea wapi, ajirekebishe mwakani.

"Hukukosea popote, daktari," alisema karani wa mafunzo. "Maombi yako hayakusomwa. Barua ya msimamizi haikufika. Tulimkumbusha mara tatu, na ya tatu akajibu kwamba umeghairi."

Aliketi kwenye ngazi za maabara ya hospitali. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakusema kwamba huwa kinakuita mwanangu.

Alipomfuata ofisini kwake, Profesa hakukana.

"Kaa kwanza."

"Nimesimama vizuri."

"Ukiondoka wewe, kliniki ya Jumanne nani ataiendesha? Mimi na magoti haya?"

"Ungeniambia."

"Ungeniacha."

"Ungeniomba nibaki, pengine ningebaki. Sasa hatutajua, si wewe wala mimi."

Mzee alivua miwani. "Mwakani nitakuandikia. Nakuapia, binti yangu."

"Hapana, Profesa."

Neno hilo, Profesa badala ya Baba, lilimchoma mzee, naye aliona. Hakulirudisha.

Jumanne alifika kliniki saa moja na nusu kama kawaida. Wagonjwa hawakuwa wamemkosea. Alipomaliza alikwenda kwa mkuu wa maabara ya hospitali, mama asiye na utani hata na mumewe, akamwomba awe msimamizi wake. Yule mama alipekua data zake, akauliza maswali mawili makali, akakubali. Siku ya maombi ya mwaka uliofuata ilipowadia, mama akamwambia, "Nitakuandikia. Nenda zako."

"Samahani mama, nitasubiri hapa hapa mpaka uitume."

Mama alimtazama juu ya miwani, akavuta kibodi. Madam Shingo alikaa pale akijionea aibu. Zamani neno la mkubwa lilimtosha.

Safari hii alichaguliwa. Siku ya kumuaga, Profesa alisimama akasema maneno mazuri ya mzazi, hata wauguzi wakafuta machozi. Madam Shingo alipiga makofi pamoja na wenzake, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kumpa mkono.