Karatasi ya Ndiyo

Kampeni nzima Wilmar alipiga kelele hadi mbwa akahama uani: katiba ibadilishwe, polisi waruhusiwe kuingia nyumba za watu hata usiku. "Asiye na la kuficha anaogopa nini?" Mkewe, Nélida, alimpa kibuyu cha chai chungu.

Jumapili wakaenda kupiga kura mjini kwao Paysandú. Anayetaka mabadiliko hutia karatasi ya Ndiyo kwenye bahasha; asiyeitia amekataa.

Waliporudi, Wilmar akapapasa mfukoni kutafuta kiberiti awashe moto wa nyama. Akaitoa karatasi yake, bado imekunjwa.

"Mama yangu! Nimeisahau!"

"Basi umekataa, bwana mkubwa," Nélida akacheka. "Karibu kwetu tuliokataa."

"Narudi kituoni!"

"Ukapige kura mara mbili? Hao polisi wako watakuja kweli."

Hapo jirani yao Dardo akasukuma geti, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akaanza kufunua masufuria.

"We Dardo!" Wilmar akafoka. "Hata hodi? Nyumba hii haina mwenyewe?"

Nélida akaichukua ile karatasi mkononi mwa mumewe, akaichomeka chini ya kuni, akamwambia, "Haya, washa."