Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

...na ukilitazama kwa mbali ni koti tu, koti jeupe la maabara, lina kola, lina mifuko, lina vifungo vitano vilivyokaa kama askari kwenye gwaride, na vifungo hivyo ni vyake, hapo hapana ubishi, hakuna mtu katika karakana nzima anayetoboa tundu la kifungo kama Saini, kijana wao wa vifungo, hata Madamu mwenye karakana anajua ingawa sasa hivi anasema mengine, "vaa, nimesema vaa, uone ulichokipitisha," na Saini amevaa, mkono wa kushoto umeingia kama mtu anayerudi kwao, wa kulia umefika kwenye kiwiko ukakuta njia imepinda, imepinda kwa nyuma, kana kwamba koti linataka amkune mgongo mtu aliyesimama nyuma yake... makoti arobaini na mawili, yote hivyohivyo, mikono miwili ya kushoto, na kosa lenyewe hata kipofu angelipapasa akalijua, Mkasi, mkataji wao, alitandaza tabaka zote za kitambaa uso juu badala ya kuzilaza uso kwa uso, akakata huku anasimulia mpira wa jana, ikatoka mikono themanini na minne ya upande mmoja, akamsukumia Mama Makwapa, ambaye kazi yake ni kupachika mikono, naye akapachika tu, cherehani inakimbia, Madamu anapita na saa yake, "haraka, haraka, mteja anakuja"... cherehani zimenyamaza sasa, zote, ni feni peke yake inayozunguka na kulia kama kifaranga, na nyuzinyuzi za pamba zinaelea kwenye mwanga wa dirisha, zinapanda, zinashuka, hazina haraka na mteja yeyote, Saini anazitazama na sauti ya Madamu inakwenda mbali, inakuwa redio ya jirani, "...kila kadi ya ukaguzi ina saini yako, kila moja, sasa nimuulize nani?"

Saini yake, wee, muulize mtu yeyote, shule aliiaga darasa la sita, kugawanya kulimshinda, ramani zilimshinda, lakini kabla hajatoka alikuwa tayari na saini, ina kichwa, ina tumbo, ina mkia unaozunguka mara mbili ukamalizikia kwenye nukta, aliifanyia mazoezi kwenye vumbi la magari, kwenye viberiti, kwenye kioo cha bafuni kwa dada yake kilipojaa mvuke, na dada yake akatokea na taulo kichwani akacheka mpaka akakaa chini, "mdogo wangu, hesabu huna, lakini mkono huu wa waziri," na siku ya kwanza kazini Mkasi aliiona kwenye daftari la mahudhurio akapiga mluzi, "mwanangu, saini kama hii inafichwa kwenye vifungo? Njoo utusainie kadi, sisi wengine tunaandika kama kuku," basi akasaini, nani asingesaini, akatembea na kalamu sikioni, bunda la makoti hakulifungua hata moja, akasaini kadi ya juu tu, na pale getini akawaambia wasichana wa kiwanda cha soksi, "koti halitoki humu bila mimi"... bila mimi, alisema hivyo, kifua mbele... ndiyo maana mifuko iliposhonwa kichwa chini barua ya onyo ilikuja kwake, akaisaini na mkia akaurefusha, na kola zilipoungua kwa pasi ya mtu mwingine barua ikaja kwake, akasaini, wenzake wakampigapiga mgongoni, "wewe dume," na hii hapa mezani ni ya tatu, na ya tatu haina ya nne, ukisaini unachukua begi lako, unapita getini na soksi zote zinakutazama.

Mkasi anachunguza tepu ya kupimia inchi kwa inchi kana kwamba kuna iliyopotea, Mama Makwapa anavuta uzi usiokuwepo... na mlango unafunguka, haufunguki, lakini Saini anauona unafunguka na anaingia mtu mwenye mikono miwili ya kushoto, mrefu, mpole, anavaa koti moja, linamkaa, lo, linamkaa kama ngozi, anajigeuza mbele ya kioo, anafunga vifungo kwa kidole kimoja, "kaka, matundu haya nani katoboa?" na Saini anasema mimi, "na mikono?" na Saini anafungua mdomo kusema mimi, koti halitoki humu bila mimi, na yule mtu anasubiri, anatabasamu, hana ubaya, na maneno yale hayatoki, yanaelea na pamba huko dirishani... "basi niandikie hapa nimelipokea, maana mimi kalamu imenishinda," anasema yule mtu, anaonyesha viganja vyake, cha kushoto na cha kushoto, na hana hata aibu, anacheka kabisa, mtu ambaye hajui kusaini popote, mwepesi kama karatasi... halafu hayupo.

Na kumbe kauli yenyewe ya kweli ilikuwa ndogo hivyo, Saini anaipimia ulimini, haizidi maneno sita, sikukagua, mimi ni wa vifungo tu, tatizo ni lile neno la mwisho, tu, limemkalia kooni mwaka mzima kama mfupa, na sasa analigeuza kwa ulimi, tu, tu, halichomi, ni kama kifungo kinachopita kwenye tundu lililotobolewa sawasawa.

"Haya," anasema Madamu, na kalamu iko palepale juu ya barua, na feni inalia, na Mkasi hajainua macho, "toa huo mkono usaini," na Saini anautazama mkono wake wa kulia uliokwama kwenye kiwiko, ndani ya weupe wote ule, umetulia, hauna hamu, na anauacha humohumo.