Watu Kumi Kaburini kwa Mong'ina

Mogire alilia makambini, kwenye ile mikutano ya kila mwaka ya kanisa letu la Wasabato, mpaka kamasi zikamtoka, na kanisa zima likasema amina. Mimi sikusema. Huyu ndiye aliyeiambia bodi ya kanisa kwamba mama yangu, Mong'ina, anapika chang'aa, pombe haramu. Mama! Mwanamke aliyekuwa akinusa hata dawa ya kikohozi kabla ya kuinywa! Kosa lake lilikuwa kukataa kumuuzia Mogire kipande chake cha shamba la majani chai. Wakamfuta ushirika, akafa akiwa amefutwa. Tukamzika hapa Nyaramba bila mchungaji, bila kwaya, mimi na ndugu zangu tukijiimbia wenyewe.

"Mungu amenisamehe," Mogire akatangaza pale makambini. Na sasa wanataka awe mzee wa kanisa!

Sabato iliyofuata, lesoni, lile funzo la Biblia kabla ya ibada, ilifundishwa na Mwalimu Okoth, Mjaluo anayefanya kazi Nyamira mjini. Somo lilikuwa mizizi ya Kiyahudi ya imani yetu. Nilikuwa nasinzia. Yesu Myahudi, mitume Wayahudi, Sabato yenyewe tumeipokea kwao. Hayo nayajua tangu utotoni. Kisha akasoma pale Yesu anaposema uiache sadaka yako madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako.

"Wayahudi waliomsikiliza hawakushangaa," akasema. "Walimu wao nao hufundisha hivyo. Siku ya Upatanisho husafisha dhambi kati ya mtu na Mungu. Ukimkosea jirani, haikusafishi mpaka umwendee yeye mwenyewe umwombe radhi."

Usingizi uliniruka. Nikainua mkono. "Na kama jirani ameshakufa, Mwalimu?"

"Mkosaji huenda kaburini na watu kumi, akasema mbele yao: nimemkosea Mungu, na nimemkosea huyu."

Eee! Nusura nimkumbatie mume wa watu.

Ibada ilipokwisha, mchungaji akauliza nani ana pingamizi juu ya Mogire. Nikasimama.

"Aje kaburini kwa mama na watu kumi. Awatoe kwenye bodi ile ile iliyomfuta."

Mogire akachekacheka. "Dada Phanice, sisi si Wayahudi."

"Na Yesu je?"

Mchungaji akamwita Okoth mbele, wakainamia Biblia wakinong'onezana, halafu akasema uchaguzi utangoja mpaka Mogire aende kwa Mong'ina.

Jumapili wakaja, wanaume kumi na Mogire wao, suti na tai, wakikanyaga matope ya migombani. Okoth alikuwa nyuma yao. Mimi nilikuwa nimewaita majirani wote. Sikutandika mkeka, sikutoa kiti. Wasimame!

Mogire akasema maneno yake kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Sauti!" nikamwambia. "Siku ile kwenye bodi ulisikika mpaka barabarani."

"Mong'ina, nilikusingizia! Hukupika pombe. Nililitaka shamba lako. Nimemkosea Mungu, nimekukosea wewe!"

"Rudia. Mama Bitutu pale nyuma hasikii vizuri."

Akarudia, jasho likimtiririka shingoni. Wale kumi hawakuthubutu kuniangalia. Nilifurahi, kwa nini nidanganye? Aibu yake ilinishibisha kuliko ugali wa wimbi.

Kisha akapiga magoti kwenye matope, suti na yote. "Phanice, nimefanya ulivyotaka. Umenisamehe?"

Okoth akaninong'oneza kwamba walimu wale wale wanasema mtu akiombwa kwa moyo asiwe katili. Nilimsikia vizuri sana.

"Mzee Mogire," nikasema, "mama aliugua miezi mingi akitazama ule mlango. Ungeingia siku yoyote, angekusamehe kabla hujamaliza salamu. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mimi si Mong'ina. Inuka, toka bomani mwetu."