Sanda ya Randburg

Mzee Ameir, mchuuzi wa jengo letu, hakuuliza nani amekufa. Aliiona sanda ikiteremka ngazini, akaweka chini sinia lake la peremende na sigara, akasema innalillahi kwa sauti nzito, kisha akaingiza bega chini ya miguu ya maiti. Ndivyo tulivyolelewa. Maiti akipita, unatoa bega kwanza, maswali baadaye.

"Mwepesi," alimwambia Naseeb, mume wangu, aliyebeba upande wa kichwa. "Maskini. Maradhi yamemmaliza."

Naseeb alitaka kumjibu, lakini kona ya ngazi ilikuwa imembana na pumzi hana. Mimi nyuma yao nilikuwa nimeuma ncha ya mtandio wangu nisicheke. Nilijiambia mzee tutamweleza tukifika chini.

Maiti ile tuliitengeneza wenyewe, chumbani kwetu Berea, Johannesburg, kwa takataka. Naseeb huokota vinavyotupwa na watu na kuviuza, mimi nashona. Mama mmoja wa Kizungu mwenye mkahawa kule Randburg, ambaye humwekea Naseeb makopo matupu, alimwomba amtengenezee vitisho vya Halowini, ile sikukuu yao ambayo watoto huvaa kama mizimu na kudai pipi. Alitaka popo, buibui, na maiti iliyoviringishwa vitambaa. Vikipendeza, alisema, kazi itakuwa yetu kila mwaka, na atatupeleka kwa wenzake. Mimi nilinuna. Mama yangu kule Tanga alikuwa mwosha maiti, na kwetu hakuna aliyecheza na kifo. Lakini kazi ile tuliitaka mno, na Naseeb aliitaka kuliko mimi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba atengeneze kitu badala ya kumwambia aondoe.

Popo tuliwakata kwenye miavuli iliyovunjika. Buibui walikuwa vifuniko vya chupa na nyaya za simu. Matawi ya jakaranda, waliyoyakata watu wa manispaa mtaa wa Observatory, yakawa mikono na miguu, na dumu la mafuta ya kupikia likawa kichwa. Mashuka meupe yalitoka nyuma ya hoteli iliyofungwa, yana madoa ya chai lakini mazima.

"Viringisha ovyo ovyo tu," Naseeb aliniambia.

Ovyo ovyo mikono yangu haikuijua. Ilijua namna moja ya kumvika maiti, ile niliyoiona kwa mama tangu utotoni: nguo tatu za mwanamume, kisha fundo juu ya kichwa, fundo kiunoni, fundo miguuni. Nilipomaliza, Naseeb alisimama akaitazama.

"Shufaa," alisema, "huyu amekufa kweli."

Na nje ya mlango wa jengo, asubuhi ile ya Jumamosi, kila mtu alikubaliana naye. Mwuza mahindi ndiye aliyetuona kwanza. Akapiga ukelele. Wiki hiyo mtaani kulikuwa na habari ya binti aliyepotea, na hawa hapa wageni watatu wanamkimbizia mtu aliyefungwa shukani kwenye pikapu ya kukodi. Kabla hatujavuka barabara tulikuwa tumezungukwa.

"Nithwele ubani?" kijana mmoja aliuliza. Mmembeba nani? Mkononi alikuwa na tofali.

Naseeb amekaa Joburg miaka mingi. Kizulu anakijua, Kiingereza anakijua, sokoni husikii amekwama. Lakini hofu ilimrudisha kwao. Aliinua mkono akapiga kelele kwa Kiswahili kitupu:

"Ni mti! Mti tu! Mti, jamani!"

Mungu wangu. Kwa Kizulu, umuthi ni dawa ya mganga, na kila mtu pale alikuwa na kisa chake cha watu waliouawa, wakakatwa viungo, ili dawa hiyo ipatikane.

"Bathi umuthi!" mwanamke alilia. Wanasema ni dawa!

Ngumi ya kwanza ilimpasua Naseeb juu ya jicho. Ya pili sikuiona, nilimwona tu yuko chini. Ameir alisukumwa ukutani, kofia ikamvuka, naye bado ameishika ile miguu, hataki kumwachia maiti wa watu. Nilijitupa juu ya sanda, nikaanza kufungua fundo la kichwani. Halikufunguka. Nilikuwa nimelikaza nilivyofundishwa. Nililiuma kwa meno, nikilia, nikimtukana Naseeb, mkahawa na Halowini yenyewe, huku nikiliona lile tofali limeinuliwa juu ya kichwa cha mume wangu.

Fundo liliachia. Dumu likabingirika barabarani, na lebo ya mafuta iko usoni.

Mtu akacheka, wakacheka wote. Simu zikatoka, wakapiga picha. Yule kijana aliweka tofali chini, akanisaidia kufunga shuka, akaipakia maiti kwenye pikapu yeye mwenyewe.

"Eish, sori, mama. Sharp," akasema, yaani yamekwisha, kama aliyenikanyaga dukani.

Ameir aliokota kofia yake, akaipangusa.

"Mti," alisema. "Nimeuombea mti maghufira, Shufaa."

Nilimwambia Naseeb turudi juu. Alikataa. Tukichelewa, alisema, atatafutwa mwingine. Njiani nilimfuta kwa kipande cha shuka kilichobaki, lakini jeraha lilifunguka kila pikapu ilipotikisika.

Mwenye mkahawa alitupokea mlangoni. Maiti aliitupia jicho tu. Alimkodolea macho Naseeb, uso umevimba, damu imemshukia hadi kwenye kola, kisha akapiga makofi. Akawaita wafanyakazi waje waone jinsi alivyojipaka damu ya bandia. Akamwomba asimame pale pale, kando ya maiti, watoto wa sherehe waliokuwa wanaanza kufika wamwone.

Nilikuwa na matusi ya lugha nne mdomoni. Naseeb alinishika mkono, akaubana, akaenda kusimama.

Msichana mdogo mwenye masikio ya paka alimsogelea. Aliitazama ile damu, akauliza kwa Kiingereza kama ni ya kweli.

"Hapana," Naseeb alimjibu, akainama ili msichana aiguse.