Zamu ya Kushika Shuka

Choo cha wasichana hakikuwa na mlango tangu mvua za mwaka jana. Mmoja akiingia, mwenziwe alisimama nje akitandaza shuka kuukuu, na wavulana waliopita wakapiga miluzi. Dada ya msichana mmoja wa darasa la sita aliacha shule kwa sababu ya shuka hilo. Upepo ulilipeperusha siku ambayo hakutaka hata mama yake amwone.

Kwa hiyo darasa la sita lilipomchagua msichana huyo kuwa mwakilishi kwenye bodi ya shule, alijua la kusema. Aliandika mistari minne, akaikariri mpaka wenzake wakambandika jina la Mheshimiwa.

"Karibu, mwanangu," mwenyekiti alisema siku ya kikao. "Siku hizi hakuna kikao bila mwanafunzi. Weka sahihi hapa."

Akaweka.

"Na hapa," mama katibu alisema, kiganja chake kimefunika maandishi ya juu.

Akaweka. "Mama, nina jambo la..."

"Mambo mengineyo ni mwisho," mwalimu mkuu alimkata. "Tutakuita. Chukua birika, wamiminie wakubwa chai."

Akamimina. Wakajadili rangi ya geti na ujio wa mgeni rasmi. Alisimama ukutani, karatasi ikilowa jasho mkononi. Kisha katibu akafunga faili.

"Mama, bado mimi."

"Wewe? Umeshasema." Katibu alicheka, akamfunulia ukurasa uliochapwa kabla ya kikao. "Si sahihi yako hiyo?"

Juu ya sahihi yake palisomeka: *Mwakilishi wa wanafunzi aliishukuru bodi. Hakuwa na hoja.*

"Lakini sijasema kitu."

"Ndiyo adabu hiyo," mwenyekiti alisema, na wajumbe wakacheka. "Haya, darasani. Funga mlango polepole, rangi haijakauka."

Mlango wa ofisi ulikuwa mpya, kitasa kinang'aa. Akaushika ukingoni, akauvuta taratibu.

Nje wenzake walimkimbilia. "Mheshimiwa, wamesemaje? Tunapata lini?"

Kabla hajajibu, mtoto wa darasa la pili alimsukumia shuka, miguu ameibana. "Dada, nishikie, haraka!"

Akalitandaza, uso ameuelekeza ofisini. Upepo ulipovuma alikanyaga pindo. Kwenye kitambaa, pale alipokishika, vidole vyake viliacha alama za rangi mbichi.