Karibu ya Wimbi la Sikitu

Usiku wa kuamkia leo niliota niko mbele ya darasa langu la umeme, nawaeleza wanafunzi kwa nini Sikitu amefeli. Wimbi la saketi ya umeme aliyoiunda halikutulia kwenye oskiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi kiooni, lilikuwa likikimbia kioo kizima. Mwenyewe alisimama nyuma na begi begani, tayari kurudi kwao.

Mara kioo kikawa mlango wa nyumba. Nausukuma. Ndani namkuta wimbi, mama wa makamo, anafunga kanga. Naufunga. Naufungua tena, sasa anachana nywele. Naufungua mara nyingine, ameinama anatafuta kiatu.

"Mnaona asivyotulia?" nikawauliza wanafunzi.

"Nimetulia nyumbani kwangu," akasema wimbi. "Wewe unaingia bila hodi. Kila ukiingia unanikuta kwenye jambo jingine, halafu unatangaza kwamba nakimbia."

Wanafunzi wakatazama chini. Afadhali wangecheka.

Kizingitini alikaa bawabu, kile kitufe cha kuzungusha cha oskiloskopu, meno madogo yamemzunguka kiunoni. Akanieleza bila haraka kwamba kazi yake ni kumzuia mgeni. Ukutani pana mstari. Wimbi akipanda na kuufikia, husema karibu, na hapo ndipo mlango hufunguliwa. Kila mara mstari uleule, kila mara akiwa anapanda, basi kila mara atakutwa vilevile.

"Mbona hasemi karibu?" nikauliza.

"Mstari umeuacha darini, mwalimu. Ataufikiaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote hii nafundisha, na bawabu huyu sijawahi hata kumsalimu.

Nikamshika kiuno, nikamzungusha taratibu. Mstari unashuka, unafika usawa wa kifua cha wimbi. Anapanda.

"Karibu," anasema.

Mlango unafunguka. Amekaa kitako, kanga imefungwa vizuri, nywele zimechanwa. Unafunguka tena na tena, na yeye ni yuleyule, ametulia tuli. Saketi ya Sikitu haikuwa na kasoro yoyote.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Sikitu, akavuka mlango wa darasa na begi lake. 

Nikaamka. Mke wangu, Mwajabu, alikuwa ameushika mkono wangu, anauliza nimeng'atwa na nini. Kwenye kidole gumba palikuwa na alama za meno madogo, yamepangana kwa duara.

Nikatafuta viatu gizani nimuwahi Sikitu stendi kabla hajapanda basi la kwao. Jana, nilipomfelisha, kile kitufe sikukigusa kabisa.